Istilahi za Fizikia ya Chembe: Uhakiki wa Rasimu Moja ya Michenzani

Wafasiri wa maandishi ya sayansi hulalamika mara kwa mara kwamba Kiswahili kina upungufu wa maneno. Lalamiko hilo lina ukweli wake, lakini aghalabu hutajwa upande mmoja tu wa jambo. Huhesabiwa maneno yasiyokuwapo. Yale yaliyopo, yakatumiwa pasipo mahali pake, hayahesabiwi. Makala haya yanakusudia kuutazama upande huo wa pili, kwa kuhakiki rasimu moja ya tafsiri iliyoletwa kwetu.

Rasimu yenyewe ni ya kurasa chache. Imetayarishwa kwa ajili ya wanafunzi wa skuli za sekondari wanaokutana jioni kujisomea katika mojawapo ya majumba ya Michenzani, mjini Unguja. Mada yake si nyepesi: inaeleza jinsi wataalamu wanavyopima utokeaji wa jozi za kwaki iliyo nzito kuliko zote, katika migongano ya protoni zenye nishati kubwa. Mfasiri ameomba maoni kabla ya kutoa nakala nyingi. Hatumtaji jina, kwa kuwa makosa tutakayoyaonyesha si yake peke yake. Ni makosa ya njia, na njia hiyo inafuatwa na wengi wetu.

Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza: kuna haja gani ya kuhangaikia istilahi za elimu ambayo mashine zake ziko Ulaya? Jibu letu ni hili. Katika nchi yetu mtoto husoma kwa Kiswahili katika skuli ya msingi, kisha elimu ya sayansi ya sekondari hukutana nayo kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982, iliyoongozwa na ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kifundishiwe pia katika sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Matokeo yake ni kwamba kijana wa Michenzani husoma fizikia kwa Kiingereza asubuhi, na jioni humfafanulia mwenziwe kwa Kiswahili. Rasimu kama hii ndiyo daraja analopitia. Ubao mmoja ukiwa mbovu ataanguka, na atakapoanguka hatamlaumu mfasiri. Atajilaumu mwenyewe kuwa hana akili, au atakilaumu Kiswahili kuwa hakiwezi. Lawama zote mbili hazitakuwa za haki.

Ili msomaji aweze kutuhukumu, yafaa kwanza tuieleze mada yenyewe kwa maneno yetu.

Protoni ni chembe iliyomo ndani ya kiini cha kila atomi. Protoni nayo ina chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki, zinazoshikamanishwa na chembe nyingine ziitwazo gluoni. Aina za kwaki ni sita. Mbili kati ya hizo, zilizo nyepesi kuliko zote, ndizo zinazojenga protoni na nyutroni za vitu vyote tunavyovigusa. Ile iliyo nzito kuliko zote ina tungamo inayozidi ya protoni mara 180 na kitu, ikikaribia ile ya atomi nzima ya dhahabu. Nayo si sehemu ya vitu vinavyotuzunguka. Mwaka 1973 wataalamu wawili wa Japani, Makoto Kobayashi na Toshihide Maskawa, walitoa hoja kwamba aina za kwaki zapaswa kuwa sita, wakati ambapo zilizojulikana hazikutimia idadi hiyo. Hii iliyo nzito haikupatikana hadi mwaka 1995, katika maabara ya Fermilab karibu na Chicago. Kilichoichelewesha ni uzito wake: haichimbwi mahali popote, bali hutokezwa kutokana na nishati, na nishati inayotakiwa ni kubwa mno.

Kazi hiyo sasa hufanywa katika maabara ya CERN, ambako protoni huzungushwa kinyume kwa kinyume katika njia ya duara yenye urefu wa kilomita 27, chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kisha hugonganishwa. Kati ya 2015 na 2018 migongano hiyo ilikuwa ya nishati ya elektronivolti trilioni 13. Katika nishati hiyo, takriban mgongano mmoja katika kila milioni 100 ndio hutokeza jozi inayotafutwa, yaani kwaki hiyo nzito pamoja na antikwaki yake. Jozi hiyo haidumu. Kila moja hugeuka kuwa chembe nyingine kabla haijatimia sehemu moja ya milioni milioni milioni milioni ya sekunde. Kwa hiyo mpimaji haioni kwaki yenyewe. Huona zile chembe za mwisho zilizotokana nayo, huyahesabu matukio yenye alama zinazotakiwa, huyatoa yale yenye asili nyingine, kisha hupiga hesabu kujua ni mara ngapi jozi hutokea. Mwaka 2023 kundi la ATLAS la CERN lilitoa jibu lake, kwa kutumia matukio yenye elektroni moja na myuoni moja zenye chaji zinazopingana. Jibu lilikuwa pikobarni 829, na hesabu za nadharia zilikuwa zimebashiri takriban 832. Maana ya kipimo hicho tutaieleza baadaye.

Hayo ndiyo yanayotafsiriwa. Sasa tuitazame rasimu.

Kosa lililo kubwa kuliko yote halimo katika neno gumu, bali katika neno jepesi kuliko yote, nalo ni "juu". Waingereza wamezipa kwaki majina ya kawaida. Moja ya zile mbili nyepesi imepewa jina lenye maana ya juu, na mwenzake jina lenye maana ya chini. Hii nzito imepewa jina lenye maana ya juu kabisa, upande wa kileleni. Mfasiri wetu, kwa kufuata maana za kamusi, ameiita ile nyepesi "kwaki ya juu", na hii nzito vilevile "kwaki ya juu". Katika ukurasa wa kwanza anasema kwamba protoni ina kwaki mbili za juu na moja ya chini. Katika ukurasa wa pili anasema kwamba protoni zikigongana hutokea jozi za kwaki za juu.

Tuliwasomea vijana wawili kurasa hizo mbili, tukawauliza wamefahamu nini. Jibu lao lilikuwa la busara, nalo lilikuwa kosa tupu. Walisema: protoni ina kwaki mbili za juu, ikipigwa zinachomoka, basi hiyo ndiyo jozi. Tukiisoma rasimu kama ilivyoandikwa, hatuna la kuwapinga. Kiini cha mada nzima ni kwamba kwaki nzito haikuwamo ndani ya protoni, bali imezaliwa na nishati ya mgongano. Kwa neno moja la herufi tatu, tafsiri imesema kinyume cha asili yake. Tena haikusema kwa Kiswahili kibovu. Sarufi ni safi na sentensi zinapendeza, na hapo ndipo ilipo hatari, kwa kuwa msomaji hana dalili yoyote ya kumtahadharisha.

Kutokana na kosa hili tunapata kanuni ya kwanza: vitu viwili visivyo kimoja visiitwe jina moja. Kanuni hii yaonekana ya kitoto, lakini huvunjwa kila siku na wafasiri wanaotazama neno moja moja badala ya kutazama kundi zima la maneno ya fani moja. Istilahi haikai peke yake. Ina ndugu zake, na kabla ya kuipa jina hatuna budi kuwaita ndugu wote barazani.

Je, tuseme "kwaki ya kileleni"? Tulilijaribu. Lakini mwenzake wa kileleni ni yule wa chini kabisa, naye tukimtafutia jina kwa njia hiyohiyo tutafika kwenye "kitako", na mwalimu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya darasa la vijana anajua somo litaishia wapi. Zaidi ya hayo, majina haya hayaelezi chochote. Kwaki ya kileleni haikukaa juu ya kitu. Jina lake lilipendekezwa na Haim Harari mwaka 1975 ili lilingane na yale ya kwanza, na walikuwapo Wazungu waliopenda kuziita kwaki hizo mbili Ukweli na Uzuri. Hata neno kwaki lenyewe Murray Gell-Mann alilikuta katika kitabu cha hadithi cha James Joyce. Majina yaliyotolewa kwa mzaha hayana maana ya kufasiriwa. Yana sauti tu, na sauti hutoholewa.

Hivyo tunapendekeza kwaki apu, kwaki dauni, kwaki chamu, kwaki stranji, kwaki topu na kwaki botomu. Tunatambua kwamba masikio ya baadhi ya wasomaji yatakataa. Tunawakumbusha kwamba protoni, elektroni na atomi nazo zilikuwa ngeni siku moja, na leo hakuna mwalimu anayezionea haya. Kuna na faida nyingine: herufi za kwanza za majina haya, isipokuwa ile ya apu, zinaoana na alama ambazo mwanafunzi atazikuta katika kila kitabu cha fizikia duniani.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba tunataka kila neno litoholewe. Hapa ndipo tunapotofautiana na kundi la pili la wafasiri, wale ambao kila walionapo neno la kitaalamu hulivika irabu mwishoni wakadhani kazi imekwisha. Katika fani hii yako maneno yaliyo majina tu, na yako maneno yaliyo maelezo ya dhana. Majina tuyatohoe. Maelezo tuyafasiri, kwa kutazama kitu chenyewe jinsi kinavyofanya kazi, si kwa kutazama picha iliyomo ndani ya neno la Kiingereza. Hiyo ndiyo kanuni ya pili.

Mfano mzuri ni kipimo chenyewe kinachotafutwa. Waingereza hukiita kwa neno linalotokana na mkato wa kukingama, na nusu yake ya kwanza huweza pia kumaanisha msalaba. Mfasiri wetu ameandika "sehemu ya msalaba". Msomaji wa Unguja akikutana na maneno hayo atafikiri habari za kanisa. Wako waliotumia "mkato", neno linalofaa mwalimu wa elimu ya viumbe akataye shina la mnazi ili kuonyesha ndani yake. Lakini katika migongano ya protoni hakuna kinachokatwa. Kinachotafutwa ni nini?

Yafaa tutoke nje ya jumba ambamo rasimu hii inasomwa. Majumba ya Michenzani yalijengwa katika Ng'ambo baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, yakapangwa kando ya njia mbili kubwa zinazokatana. Kila mkaazi wa mji anajua umbo lao: ni marefu mno kwa upande, na membamba kwa ncha. Tuchukue jumba moja, na tuwaweke watoto wakipiga mipira gizani bila kulenga. Wakiwa upande wa mbele, mipira mingi italigonga, kwa kuwa jumba limewakabili kwa eneo kubwa. Wakiwa upande wa ncha, mingi itapita pembeni. Ukihesabu mipira iliyopigwa na mipira iliyogonga, waweza kukisia eneo ambalo jumba limeukabili upande huo, hata kama hujaliona kwa macho. Wataalamu wa chembe hufanya hivyo hivyo. Hawana njia ya kuipima protoni kwa rula. Huhesabu matukio, kisha husema: jambo hili hutokea kana kwamba chembe imekabiliwa na shabaha yenye eneo kadha. Kwa hiyo tunapendekeza "eneo mkabala". Kwa jambo letu itakuwa "eneo mkabala la kutokea kwa jozi za kwaki topu". Ni refu kidogo, lakini halisemi uongo, na kijana aliyekulia Michenzani hahitaji kuelezwa mara mbili.

Eneo hilo hupimwa kwa kizio ambacho rasimu imekiita "ghala", na "pikoghala". Ni kweli kwamba neno la Kiingereza lina maana ya ghala la mkulima. Lilianzishwa mwaka 1942 na wataalamu wa Marekani katika Chuo Kikuu cha Purdue, kwa mzaha: waliona kwamba kiini cha uranimu, kwa kipimo cha vitu hivyo, ni shabaha kubwa kama ghala, asiyeweza kuikosa hata asiyejua kulenga. Lau mzaha huo ungezaliwa kwetu huenda kizio kingeitwa jumba. Lakini mzaha wa watu haufasiriki ukabaki mzaha, na mtu anayeambiwa "pikoghala 829" atauliza zimewekwa nini ndani. Hili ni jina, wala si maelezo. Litoholewe liwe "barni". Barni moja ni eneo la meta mraba moja iliyogawanywa kwa 10 iliyozidishwa yenyewe mara 28, na pikobarni ni sehemu moja ya milioni milioni ya hiyo.

Tukija kwenye vitenzi, tunakuta mkanganyiko mwingine. Rasimu inasema kwamba kwaki "huoza" mara tu izaliwapo. Neno hili limezoeleka katika maelezo ya mnururisho, na tunajua kwamba kulipinga ni kazi. Walakini tuangalie. Kwanza, "kuoza" kwa Kiswahili ni pia kumwozesha mtu, na sentensi ya rasimu isemayo kwamba "jozi huoza upesi" ilileta kicheko ambacho mfasiri hakukitarajia. Pili, na hili ndilo lenye uzito, kitu kilichooza hubaki palepale kikiwa kile kile kilichoharibika. Kwaki topu haiharibiki. Hutoweka, na mahali pake hutokea chembe mbili nyingine: kwaki botomu na chembe iitwayo W. Wala hatuwezi kusema "huvunjika", kwa kuwa chembe hizo mbili hazikuwamo ndani yake kama punje ndani ya ganda. Neno linalosema kweli ni "kugeuka", na jina lake "mgeuko". Chembe W nayo hugeuka, na kwa kadiri itakavyogeuka ndipo matukio hugawanywa katika makundi. Kitenzi hiki kinakubali kunyambuliwa vizuri: mgeuko, njia ya mgeuko, mazao ya mgeuko. Neno lisilokubali kunyambuliwa ni mgeni asiyetaka kuvua viatu. Hii iwe kanuni yetu ya tatu: istilahi ijaribiwe katika sentensi, kwa sauti, kabla ya kuandikwa katika orodha.

Maneno matatu mengine tutayataja kwa ufupi. Kwaki iliyotokana na mgeuko haionekani peke yake. Hutoka ikiwa kundi la chembe nyingi zinazoruka kuelekea upande mmoja. Rasimu imetohoa "jeti", na msomaji yeyote anayesikia jeti hutazama angani upande wa Kisauni, kwenye uwanja wa ndege. Tunapendekeza "mchirizi wa chembe", wingi wake "michirizi". Pili, yale matukio yenye asili nyingine lakini sura moja, ambayo mpimaji hana budi kuyatoa katika hesabu, rasimu imeyaita "mandhari ya nyuma", kana kwamba ni picha ya studio. Hayako nyuma ya kitu. Yamechanganyika na yale yanayotafutwa, na hapo ndipo ilipo taabu. Kiswahili kinalo neno shabihi. Basi na yaitwe "matukio shabihi". Tatu, rasimu inazungumzia "mwangaza" wa mashine. Hapa hapana mwanga wowote. Kinachokusudiwa ni jinsi miali miwili ya protoni ilivyosongamana na jinsi inavyopishana mara kwa mara, yaani ni mipira mingapi imepigwa kulielekea jumba. "Msongamano wa miali" unatosha, na kwa hesabu ya kipindi kizima tuseme "msongamano jumla".

Tumeliweka mwisho neno ambalo, kwa maoni yetu, lina madhara mengi zaidi nje ya darasa. Kila kipimo cha sayansi hutolewa pamoja na kiasi ambacho huenda kikapungua au kuzidi. Jibu la kundi la ATLAS tulilolitaja lilikuwa na viasi vinne vya namna hiyo: pikobarni 1 kutokana na idadi ya matukio, 13 kutokana na njia ya kupimia, 8 kutokana na msongamano jumla, na 2 kutokana na nishati ya miali. Vyote vikijumlishwa kwa kanuni ya hesabu zao havifiki mafungu 2 katika mia ya jibu lenyewe. Rasimu imeviita vyote "makosa". Cha kwanza ni "kosa la takwimu", na cha pili ni "kosa la mfumo".

Kosa, kwa Kiswahili, ni jambo ambalo mtu amelifanya na hakupaswa kulifanya. Lina mkosaji, na mkosaji huonywa au huadhibiwa. Mtumishi wa serikali akiletewa taarifa yenye neno hilo mara nne, atakuwa na haki ya kuuliza kwa nini kazi iliyojaa makosa imechapishwa. Ama "kosa la mfumo", kwa masikio ya leo, ni lawama kwa utawala. Na madhara hayaishii katika fizikia. Sensa, makisio ya mavuno, vipimo vya hospitali, vyote vina kiasi cha namna hii. Kiitwapo kosa, mkweli anayekitaja huonekana mzembe, na asiyekitaja huonekana hodari. Lugha inapofanya hivyo inawafundisha watu kuficha.

Tunapendekeza "shaka ya kipimo". Tunajua litapingwa kwa hoja kwamba shaka ni ya moyoni, na kwamba kumtilia mtu shaka ni kumdhania ubaya. Lakini shaka huweza kuwa na kadiri, na shaka iliyopimwa ikaandikwa kwa tarakimu ni alama ya uaminifu. Chini yake tuweke "shaka ya idadi" na "shaka ya njia". Tofauti zao zaweza kuonyeshwa sokoni Darajani. Mtu anayetaka kujua ni wateja wangapi huingia sokoni kwa siku, akahesabu kwa robo saa tu, jibu lake litayumba. Akihesabu siku nzima litatulia. Hiyo ni shaka ya idadi, na dawa yake ni kuhesabu zaidi. Lakini mtu anayepima samaki kwa mizani ambayo hana hakika nayo, hata apime mara elfu, shaka yake haipungui kwa wingi wa kupima. Hiyo ni shaka ya njia, na dawa yake ni kuijua mizani. Kati ya 2015 na 2018 jozi za kwaki topu zilizotokea katika mashine ya CERN mbele ya kigunduzi cha ATLAS zilizidi milioni 100. Ndiyo maana shaka ya idadi imebaki pikobarni 1 tu, na kazi kubwa iliyosalia ni ya mizani. Mwanafunzi akilifahamu hilo amefahamu sayansi ya kupima yote, si ya kwaki pekee.

Ni haki pia tuyataje yaliyo mema. Mfasiri ametumia "jozi", "mgongano", "tukio" na "kigunduzi" pasipo kutetereka, na maneno hayo hayahitaji kuguswa. Amefuata "nishati" na "tungamo", maneno ambayo walimu wameyazoea na ambayo tayari yana makao katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ya mwaka 1990. Hakujibunia lake pale ambapo wenzake walikwisha kukubaliana, na unyenyekevu huo ni adimu. Sentensi zake ni fupi. Rasimu ya namna hii husahihishwa kwa siku chache. Ile iliyoandikwa kwa Kiswahili cha kuungaunga haisahihishwi, huandikwa upya.

Kwa muhtasari, tunapendekeza mabadiliko yafuatayo:

1. "Kwaki ya juu" (nyepesi) iwe kwaki apu, na "kwaki ya juu" (nzito) iwe kwaki topu.
2. "Sehemu ya msalaba" iwe eneo mkabala.
3. "Ghala" na "pikoghala" ziwe barni na pikobarni.
4. "Kuoza" iwe kugeuka, na jina lake mgeuko.
5. "Jeti" iwe mchirizi wa chembe.
6. "Mandhari ya nyuma" iwe matukio shabihi.
7. "Mwangaza" iwe msongamano wa miali.
8. "Kosa la takwimu" na "kosa la mfumo" ziwe shaka ya idadi na shaka ya njia.

Haya ni mapendekezo, si amri. Usanifishaji una ngazi zake, na BAKITA, lililoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1967, lina kazi hiyo kwa mujibu wa sheria. Tunachokiomba ni kwamba kabla istilahi haijapandishwa ngazi isomwe kwa sauti mbele ya wale watakaoitumia. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na lahaja hiyo bado inazungumzwa kila jioni Michenzani. Si vibaya istilahi zikirudi huko kujaribiwa. Vijana wale wawili walionyesha kosa la "juu" katika dakika tano, nalo lilikuwa limempita mfasiri, na tukiri kwamba lilitupita na sisi tuliposoma mara ya kwanza.

Wasomaji wenye mapendekezo bora kuliko haya, hususan walimu wa fizikia wa Unguja na Pemba, wanaombwa watuandikie. Rasimu tumemrudishia mwenyewe pamoja na nakala ya maoni haya, naye ameahidi kuisoma tena mbele ya darasa lake kabla ya kuitoa.